Kupiga Solo Juu ya Kodi ya Dominanti: Mwongozo kwa Wapiga Kinanda na Gitaa wa Dodoma

Mpiga kinanda wa kanisa lolote hapa Dodoma, kuanzia Kikuyu hadi Kisasa, anaijua kodi (chord) ya tano, ile inayojengwa juu ya so na kuitwa dominanti. Anaipiga kila Jumapili mpaka vidole vinaifuata vyenyewe. Tatizo huanza pale kiongozi wa sifa anapomgeukia na kumpa ishara apige solo. Kwenye kodi ya kwanza mambo yanakwenda, kwenye ya nne anajitahidi, ikifika ya tano anapanda na kushuka skeli ileile ya C, do re mi mpaka do, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Waumini hawatasema kitu. Mpiga besi atakuwa amesikia.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu huyo, na kwa mwenzake wa gitaa anayepiga hotelini wakati wa vikao vya Bunge, ambako usiku mmoja ataombwa rumba ya zamani, bluzi na jazi kidogo. Sianzi na skeli, ingawa najua wengi ndicho wanachokuja kutafuta. Msimamo wangu ni kwamba kodi ya dominanti inabebwa na noti mbili, na kila skeli utakayojifunza ni njia ya kuzifikia noti hizo mbili au ya kuondoka kwake. Asiyezisikia, hata akikariri skeli kumi, solo yake itabaki kuwa mazoezi yaliyopigwa mbele ya watu.

Unahitaji chombo chako na simu yenye metronomu na kinasa sauti. Nitaandika noti kwa herufi: b ndogo baada ya herufi ni flati, # ni shapu, m ni maina (minor). Ukiona namba kama 3 au 7, ni nafasi ya noti ukihesabu kutoka noti ya msingi ya kodi, si ya wimbo. Hesabu inaendelea kwenye oktavu ya pili: 9 ni 2 ya juu, 11 ni 4, 13 ni 6. Na b9 ni 9 iliyoshushwa nusu toni, #9 ni iliyopandishwa.

Kodi yenyewe kwanza

Kodi ya dominanti ni kodi ya meja iliyoongezewa noti ya saba iliyoshushwa nusu toni. G7 ni G, B, D, F. C7 ni C, E, G, Bb. Kwenye ufunguo wa C, G7 inaimbwa so, ti, re, fa. Iimbe hivyo kabla hujagusa chombo. Aliyekulia kwenye kwaya ana faida kubwa hapa, maana solfa inamweleza moja kwa moja kila noti inataka kwenda wapi: ti inataka do, fa inataka mi.

Sasa piga ti na fa pamoja, yaani B na F, bila kitu kingine. Umbali kati yao ni toni tatu kamili, ndiyo maana unaitwa traitoni, na ndio unaoleta ule mvutano unaomfanya msikilizaji asubiri. Sogeza B iende C, F iende E. Kodi imetua. Angalia kwamba G na D hazikuhitajika kabisa ili usikie hilo.

Utakutana na kodi hii si kwenye ya tano peke yake. C7 inayotangulia F, ile ambayo wapiga kinanda wa kanisani huiweka kuingia kwenye kiitikio, ni dominanti. E7 kabla ya Am ni dominanti, D7 kabla ya G pia. Kwenye bluzi kodi zote tatu ni dominanti na hazina haraka ya kutua popote. Shika tofauti hiyo mapema: kuna dominanti inayotua, na kuna dominanti inayokaa. Zinaandikwa sawa kwenye karatasi, ila hazipigiwi sawa.

Hatua ya kwanza: noti mbili, funguo zote

Zunguka kodi za dominanti kwa kufuata nne, yaani kila kodi ni ya nne ukihesabu kutoka iliyotangulia: G7, C7, F7, Bb7, Eb7, Ab7, Db7, Gb7, B7, E7, A7, D7, na kurudi G7. Kila moja ipe baa moja yenye mapigo manne. Usipige kodi nzima, piga ya tatu na ya saba tu.

Kwenye kinanda, mkono wa kushoto upige F iliyo chini ya C ya kati pamoja na B iliyo juu yake. Hizo ni 7 na 3 za G7. Shusha zote mbili nusu toni: E na Bb. Hizo ni 3 na 7 za C7. Shusha tena: Eb na A, yaani 7 na 3 za F7. Endelea hivyohivyo. Vidole viwili vinateremka nusu toni kila baa, na kodi zote kumi na mbili zinapita. Iliyokuwa saba inakuwa tatu, iliyokuwa tatu inakuwa saba. Zikifika chini sana na sauti kuanza kuvuruga, ruka oktavu moja juu uendelee.

Kwenye gitaa, tumia uzi wa nne na wa tatu. Kwa A7 shika fureti ya 5 uzi wa sita (A), fureti ya 5 uzi wa nne (G) na fureti ya 6 uzi wa tatu (C#). Kwa D7 shika fureti ya 5 uzi wa tano (D), ya 4 uzi wa nne (F#), ya 5 uzi wa tatu (C). Kisha G7: fureti ya 3 uzi wa sita, ya 3 uzi wa nne, ya 4 uzi wa tatu. Kisha C7: ya 3 uzi wa tano, ya 2 uzi wa nne, ya 3 uzi wa tatu. Nyuzi nyingine zizime kwa vidole. Rumba ya taratibu ikipigwa kwa maumbo haya mawili tu tayari inasimama, na mpiga solo mwenzako atakushukuru kwa kumwachia nafasi.

Zoezi halijaisha mpaka uweze kuimba noti hizo. Rekodi besi tupu kwenye simu, G, C, F na kuendelea, icheze, halafu imba ya tatu ya kila kodi bila kugusa chombo. Siku nyingine imba ya saba. Hapa ndipo watu wengi huacha kwa kuchoshwa, na ndipo wanapoachana na wale watakaopiga solo za kweli.

Hatua ya pili: apejio

Apejio ni kodi iliyopigwa noti moja baada ya nyingine. Anza na ile ya kawaida, G B D F, kupanda na kushuka, kwenye funguo zote. Ukishaizoea, anza kwenye noti ya tatu badala ya ya msingi: B D F A. Ni kodi ileile ya G7, ila sasa una 3, 5, 7 na 9. Sauti inafunguka ghafla, kwa sababu G ameshaipiga mpiga besi na wewe huna haja ya kumrudia. Ukiipata hiyo, jaribu D F A C, kisha F A C E. Kadiri unavyoanzia juu ndivyo unavyosogea mbali na msingi wa kodi, kwa hiyo ile ya mwisho itumie kwa muda mfupi tu.

Kwangu B D F A inatosha kwa miezi mitatu ya kwanza. Jifunze sentensi hii moja juu yake, noti mbili kila pigo:

B D F A – Ab G F D – E

E ya mwisho inaangukia pigo la kwanza la baa inayofuata, juu ya kodi ya C. Itazame kwa karibu. Noti nne za kwanza ni apejio kutoka tatu. A inateleza kwenda Ab, noti ambayo haimo kwenye ufunguo wa C, kisha G. Halafu F na D, moja juu ya E na nyingine chini yake, zinaizunguka E kabla ya kuigusa. Msikilizaji anaijua E kabla haijafika. Ukiimba kwa solfa mwisho wake ni fa, re, mi, na mwanakwaya yeyote atakuambia kwamba hapo hakuna njia nyingine ya kwenda.

Ihamishe sasa iwe C7 kwenda F: E G Bb D – Db C Bb G – A. Kisha iwe F7 kwenda Bb, na kuendelea. Usiihamishe kwa kuangalia vidole. Jiulize kila mara: ya tatu ya kodi hii ni ipi, na ya tatu ya kodi ninayokwenda ni ipi? Ukijibu maswali hayo mawili, katikati patajijaza.

Kwa kodi inayotua kwenye maina, mfano E7 kwenda Am, ongozwa na G# B D F. Sentensi: G# B D F – E D B G# – A. Noti nne hizo za mwanzo ni kodi ya diminishi, na ina siri nzuri: umbo lake linajirudia kila baada ya nusu toni tatu. G# B D F ni noti zilezile hata ukianzia B, D au F. Ndiyo maana kuna diminishi tatu tu za kujifunza duniani kote, na mpiga gitaa anaweza kusogeza umbo moja fureti tatu mbele bila kutoka nje ya kodi.

Hatua ya tatu: skeli, kwa kiasi

Skeli ya msingi ya dominanti ni miksolidia: skeli ya meja yenye saba iliyoshushwa. Kwa G7 ni G A B C D E F. Utaona ni noti zilezile za skeli ya C, na hapo ndipo chanzo cha lile tatizo la mwanzo. Noti ni sahihi zote, ila uzito wake haulingani. C ikikaa muda mrefu juu ya G7, hasa kwenye pigo la kwanza au la tatu, inagongana na B na kuifunika noti inayobeba kodi. Ipite, usiikalie.

Kuna mahali C inakaribishwa. Ile kodi ya kanisani ya F A C juu ya besi ya G, ambayo kila mpiga kinanda wa injili anaijua kwa vidole hata kama haijui kwa jina, haina B ndani yake. Juu ya hiyo C ni mwenyeji, apejio ya D F A C inakaa vizuri kabisa, na B unaihifadhi mpaka kodi igeuke kuwa G7 kamili.

Shida nyingine ya miksolidia ni hesabu. Ina noti saba, na ukizipiga mbilimbili kwa kila pigo noti za kodi zinaanza kuangukia katikati ya mapigo badala ya juu yake. Wapiga jazi wa miaka ya 1940 walitatua hilo kwa kuongeza noti moja ya kupitia, kati ya ya msingi na ya saba. Kushuka: G F# F E D C B A, kisha G. Hesabu mapigo: G, F, D, B ndizo zinazoangukia juu ya pigo, yaani kodi nzima ya G7 imejificha ndani ya skeli. Barry Harris, mpiga piano wa Detroit aliyefariki 2021, alifundisha namna hii kwa miongo mingi, na wanafunzi wake walishuka skeli hii kutoka kila noti ya kodi mpaka ikawa mazungumzo. Fanya hivyo. Ukianza kwenye noti ya kodi juu ya pigo na kuongeza ile F#, utatua salama.

Kwenye dominanti inayokaa, yaani bluzi, una ruhusa nyingine. Juu ya C7 unaweza kupiga C Eb F Gb G Bb, ile skeli ya bluzi, ingawa Eb inagombana na E ya kodi. Ugomvi huo ndio wenyewe. Ila usiishi humo. Anzia Eb, iteleze hadi E, na utasikia noti ya kodi ikipata maana mpya.

Uzi mmoja wa gitaa na sikio la Kigogo

Chukua gitaa, la umeme likiwezekana, amplifaya ikiwa na sauti kali kidogo. Gusa uzi wa sita kwa wepesi bila kuukandamiza, juu ya fureti ya 5, uupige: utasikia E ya juu. Sogea nyuma kidogo tu ya fureti ya 4: G#. Mbele kidogo ya fureti ya 3: B. Rudi nyuma kidogo ya fureti hiyohiyo ya 3, karibu theluthi ya njia kuelekea ya 2, utafute taratibu: itatoka D, iliyo chini kidogo ya D ya gitaa lako. E, G#, B, D. Uzi mmoja umekupigia E7 bila kukandamiza fureti yoyote.

Hiyo D ni sauti ya saba ya asili ya uzi, inayotoka uzi ukigawanyika sehemu saba sawa, na iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Anayesikiliza ilimba (marimba ya vidole) au zeze za Wagogo anaijua. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki wa Afrika kutoka Austria, ameeleza kwamba mfumo wa sauti za Wagogo umejengwa juu ya sauti hizi za asili, takriban ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Ukiziandika kwa herufi kuanzia C unapata C D E G Bb. Kwa solfa: do, re, mi, so, ta, ambapo ta ni ti iliyoshushwa nusu toni. Ukizipanga kama kodi ni C E G Bb D, yaani C9, kodi ileile ambayo Jimmy Nolen aliisugua kwenye gitaa la bendi ya James Brown.

Kwa hiyo kijana wa Chamwino au Mvumi aliyekua akisikia nyimbo za Kigogo hana haja ya kuambiwa kwamba saba iliyoshushwa ni noti ya kigeni kutoka Marekani. Msikilize Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, sauti yake na ilimba yake zikifuatana: ile ta haitafuti pa kutua, imekaa nyumbani. Ni dominanti inayokaa, kabla ya bluzi kufika kwetu kwa redio.

Kwa matumizi: piga C D E G Bb juu ya C7, na G A B D F juu ya G7. Noti tano, hakuna ya nne ya kukusumbua, na zote ziko ndani ya kodi ikiongezewa 9. Zipige kwa mdundo wa muheme, ngoma ya Wagogo, badala ya kupanda na kushuka: noti fupi, zinazorudiwa, zinazoitikiana juu na chini. Ukitaka ile saba ya asili kwenye gitaa, shika A na uivute juu isifike kabisa Bb. Kwenye kinanda, gurudumu la kupindisha sauti lishushe kidogo sana unapogusa Bb. Usifanye hivyo kwaya ikiwa imeshikilia kodi pamoja nawe. Fanya pale unapokuwa peke yako na ngoma.

Hatua ya nne: voisingi

Voisingi ni namna unavyopanga noti za kodi: ipi chini, ipi juu, ipi umeiacha. Kosa la kawaida kwenye makanisa yetu ni mkono wa kushoto kupiga G ya chini na oktavu yake wakati mpiga besi yupo palepale na amplifaya yake. Sauti inakuwa tope. Kama besi ipo, achana na noti ya msingi.

Kinanda, mkono wa kushoto, G7: F A B E. Hizo ni 7, 9, 3, 13. Kwenda C7: E A Bb D. Angalia jinsi vidole vinavyosogea kidogo: F inashuka E, A inabaki, B inashuka Bb, E inashuka D. Mpangilio huu usio na noti ya msingi ulienezwa na wapiga piano kama Bill Evans mwishoni mwa miaka ya 1950, na umefika mpaka kwenye vinanda vya injili vya leo. Uweke katikati ya kinanda, noti ya chini kabisa isiende mbali chini ya E iliyo chini ya C ya kati.

Gitaa, umbo la kwanza ni G13: fureti ya 3 uzi wa sita, ya 3 uzi wa nne, ya 4 uzi wa tatu, ya 5 uzi wa pili. La pili ni C9: fureti ya 3 uzi wa tano, ya 2 uzi wa nne, ya 3 uzi wa tatu, ya 3 uzi wa pili. Ukitoka moja kwenda jingine mkono karibu haujasogea. Kwenye C9 hiyo, ukisogeza kidole cha uzi wa pili hadi fureti ya 4 unapata kodi yenye 3 na #9 pamoja, ile iliyofanywa maarufu na Jimi Hendrix. Nzuri sana kwa bluzi. Kwenye ibada ya maombolezo, iache nyumbani.

Besi isipokuwepo, kwa mfano kwenye fellowship ya chuoni yenye gitaa moja, rudi kwenye maumbo ya hatua ya kwanza yenye noti ya msingi. Hapo wewe ndiye besi.

Hatua ya tano: kuichafua kodi

Jiulize kwanza kodi inakwenda wapi. Jibu la swali hilo ndilo linalochagua skeli.

Inatua kwenye maina, kama G7 kwenda Cm: tumia G Ab B C D Eb F, yaani skeli ya C maina ya harmoniki ukianzia G. Wapiga taarabu wataisikia jirani na mambo yao. Voisingi yake: F Ab B Eb, ikitua Eb G Bb D.

Inatua kwenye meja na unataka mvutano zaidi: tumia skeli ya diminishi inayoanza na nusu toni, G Ab Bb B C# D E F. Nusu, nzima, nusu, nzima. Ina b9 na #9 lakini bado ina 5 na 13 za kawaida, kwa hiyo haimtishi mwimbaji.

Unataka kuichafua yote: tumia skeli ya oltadi (altered, yaani iliyopindishwa), G Ab Bb B Db Eb F. Njia rahisi ya kuikumbuka ni Ab maina ya melodiki, nusu toni juu ya noti ya msingi. Inabakiza G, B na F tu kutoka kwenye kodi, nyingine zote zimepindishwa. Ipigie baa moja kabla ya kutua, si zaidi, na hakikisha kinanda hakipigi E au A ya kawaida wakati huo. Ongeeni kabla ya kupanda jukwaani.

Haitui kwenye kodi ya nne kutoka kwake, kwa mfano D7 isiyokwenda G, inayokaa baa mbili kwenye wimbo wa C: inua ya nne, D E F# G# A B C. Inang'aa, na ile ya nne iliyokuwa ikisumbua imekwisha. Skeli ya toni nzima ipo pia, G A B C# D# F. Itumie kwa nadra, kwa sababu kila anayeipiga anasikika sawa na mwingine.

Na ukumbuke G7 na Db7 zina noti mbili zilezile, B na F, zimebadilishana nafasi tu. Ndiyo maana mpiga besi anaweza kupiga Db badala ya G kuelekea C, na mkono wako wa kushoto usisogee. Jaribuni kwenye rumba ya taratibu, mwisho wa mzunguko. Kwenye tenzi za rohoni, mwulize mwalimu wa kwaya kwanza.

Kupanga mazoezi

Nusu saa kwa siku inatosha kama haina simu za watu. Dakika kumi za noti mbili kwenye mzunguko wote, metronomu ikiwa 60. Dakika kumi za apejio kutoka tatu kwenye funguo mbili tu kwa wiki: wiki hii C na F, ijayo G na D, na usiziogope Eb na Ab maana waimbaji wa injili wanazipenda. Dakika kumi za mwisho weka kodi ulizorekodi mwenyewe na upige, ila kwa sharti moja kila siku. Leo anza kila sentensi kwenye tatu. Kesho piga ndani ya noti tano za Kigogo tu. Keshokutwa acha baa moja kimya kila baada ya mbili.

Usiongeze skeli mpya kabla ile ya zamani haijaweza kutua kwenye tatu ya kodi inayofuata, metronomu ikiwa 100. Kipimo ni hicho. Hatua ya tano inaweza kusubiri mwaka.

Umeme ukikatika mpiga kinanda ana visingizio, wa gitaa hana. Kinanda kifunike khanga wakati wa kiangazi, vumbi la hapa linaingia chini ya vitufe na noti zinaanza kugoma moja moja. Gitaa la mbao nalo usiliache ukutani miezi hiyo. Hewa kavu inasinyaza shingo mpaka ncha za fureti zinakukwaruza kiganja. Liweke kwenye begi lake.

Ukifika jukwaani

Kasi ikiwa kubwa, kama kwenye sebene la kusifu, kodi ya tano inapita kabla hujafikiria. Hapo usitafute skeli. Lenga noti moja: B juu ya G7, kisha C au E ikitua. Ukiipata hiyo kwa wakati wake, irudie kwa midundo tofauti. Solo nyingi za sebene zinazokumbukwa ni noti tatu zilizochezwa vizuri.

Kwenye wimbo wa taratibu una nafasi ya sentensi ndefu, na hapo B D F A inalipa. Ianze nusu baa kabla G7 haijafika, bendi ikiwa bado kwenye Dm. D, F na A zimo kwenye Dm pia, kwa hiyo hazitagomba, na ile B inawadokezea wasikilizaji kodi inayokuja.

Na mwambie mpiga rizimu asipige kodi kamili ya nyuzi sita chini ya solo yako. Nyuzi mbili za katikati, zikitoa noti ya tatu na ya saba ya kodi, zinatosha kukubeba mzunguko mzima.